Namna ya kukaa kwenye bangaloo kuukuu Jambiani bila kujuta

Nilikaa mapokezi ya hoteli moja ndogo ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa misimu mitatu. Ilikuwa na mabanda kumi na mawili ya mawe na makuti, minazi uani, na meza ambayo droo yake ya fedha ilishaliwa na chumvi, haifunguki mpaka uipige kofi ubavuni. Wageni walikuja wa namna mbili. Wapo waliotua begi, wakavua viatu na wasivivae tena mpaka siku ya safari. Na wapo waliosimama mlangoni, wakatazama paa, wakanitazama mimi, halafu wakatoa simu kuitazama tena ile picha iliyowaleta.

Hawa wa pili siwalaumu. Picha ilipigwa makuti yakiwa mapya. Ila pale mezani nilijifunza jambo moja, nalo nakupa kabla ya hatua zenyewe: hoteli ya zamani ya ufukweni ina kasoro za uzee na kasoro za uzembe, na mgeni asiyezitofautisha ataudhika na zote. Kitasa chenye kutu ni uzee. Shuka lenye mchanga wa mgeni aliyepita ni uzembe. Uzee unauzoea, na ndio uliokupa bei ile. Uzembe usiukubali hata usiku mmoja.

Nasema Jambiani kwa kuwa ndiko ninakokujua. Mengi humu yatakufaa hata ukienda Bwejuu, Matemwe au Mafia.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kutazama bei

Watu wa bara huuliza bei kwanza. Sisi tulikuwa tunacheka kimoyomoyo, kwa sababu malalamiko makubwa kuliko yote pale mapokezi hayakuwa ya bei wala ya chumba. Yalikuwa haya: "Kaka, bahari imekwenda wapi?"

Pwani ya mashariki ya Unguja haina kina karibu. Maji yakipwa yanakimbia kuelekea mwambani, na unaweza kutembea kilomita nzima hujalowa magoti. Picha za maji ya samawati yanayogusa ngazi za hoteli ni za kweli, ila ni za saa fulani. Saa hizo unaweza kuzijua ukiwa nyumbani kwako Morogoro, bila mtandao wowote, ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu na siku moja mbili baada yake, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo huku kwetu bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo ukitaka kutembea hadi mwambani asubuhi na kuogelea jioni, njoo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu: mambo yanageuka, bahari inajaa mnamo saa nne asubuhi, na hata ikipwa haiendi mbali sana. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea baada ya chai, siku zake ni hizo. Katikati hapo, kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Misimu sitaiongelea sana. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, bei hushuka na hoteli nyingine hufunga kabisa. Zilizobaki wazi zinanuka unyevu na taulo halikauki siku mbili. Kusi, Juni hadi Septemba, kuna upepo mzuri na usiku wa baridi kiasi cha kutaka shuka la pili. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto na bei iko juu. Mimi ningekuja Juni mwishoni.

Hatua ya 2: Piga simu, usitume ujumbe tu

Hoteli za aina hii mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja mwenye simu mbili. Ukimpigia mtaelewana kwa dakika tano kuliko kwa ujumbe ishirini. Salimia vizuri kwanza. Hapa Unguja salamu si kipande cha kurukwa, na anayeanza na "chumba bei gani?" hupewa bei ya mtu aliyeanza hivyo.

Kisha uliza haya. Bei ni ya chumba au ya mtu? Mna bei ya wakaazi? Chai ya asubuhi imo? Kodi na ada za serikali zimo, au nitaongezewa siku ya kulipa? Hayo kila mtu anayauliza. Sasa ongeza matatu ambayo wenye hoteli hawayategemei.

La kwanza: makuti yamebadilishwa lini? Makuti yaliyosukwa vizuri na kuezekwa kwenye paa lenye mwinuko mkali hukaa miaka mitano, sita, wakati mwingine zaidi. Ukijibiwa "hayana muda mrefu", uliza yalibadilishwa kabla ya masika yaliyopita au baada yake. Kama ni kabla, yameshapita mtihani.

La pili: maji ya kuogea ni ya bomba au ya kisima? Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, na kisima cha karibu na pwani mara nyingi kina chumvichumvi. Haikudhuru, ila sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa ngumu kama kumbi la nazi. Ukijua mapema utakuja na dumu la lita tano kwa ajili ya kusuuzia kichwa.

La tatu, na hili ndilo linalofichua mengi: jenereta inafika mabandani au inaishia jikoni? Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena, giza likaendelea kwa takribani miezi mitatu. Waya mpya ulianza kazi 2013. Hoteli nyingi zilinunua jenereta katika giza lile, kwa haraka, ndogo ndogo, za kuokoa friji la samaki. Jenereta hizo bado zipo. Umeme ukienda, taa ya jikoni itawaka, ya bandani kwako haitawaka, na hakuna aliyekudanganya aliposema "jenereta tunayo".

Mwisho wa simu, mwombe akutumie picha ya leo ya paa kwa ndani. Akituma, umepata hoteli. Akituma ile ile ya bwawa na machweo, kumbuka kwamba Jambiani inatazama mashariki, na jua halizami baharini huku.

Malipo ya awali yawe ya usiku mmoja tu, hata kama unakaa wiki.

Hatua ya 3: Kufika

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, na pale Malindi unaposhuka utakutana na papasi, vijana wanaotafuta wageni wa kuwapeleka mahali. Mmoja atakwambia hoteli yako imefungwa, au imeungua. Mwambie "ahsante, naja kwa ndugu yangu", endelea kutembea.

Jambiani iko kama kilomita 55 kutoka mjini. Njia inapita Tunguu, inakata msitu wa Jozani ambako kima punju huvuka barabara bila haraka yoyote, inatokea Paje, inageuka kusini. Daladala ya Jambiani ni namba 309. Haina haraka, inashusha gunia la mkaa hapa na kitanda pale, lakini inafika. Usisubiri jioni. Magari ya mwisho huondoka watu wa shamba wanaporudi kutoka mjini, na baada ya hapo ni teksi.

Kijiji kimenyooka kandokando ya bahari kwa kilomita kadhaa, hivyo "nishushe Jambiani" haitoshi. Piga simu hotelini ukiwa njiani, mpe kondakta azungumze nao mwenyewe. Wataelewana kwa duka la nani na msikiti upi.

Benki nyingi ziko mjini. Toa fedha kabla hujapanda gari.

Hatua ya 4: Banda ulione kabla hujalipa

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo mambo yanapoharibikia. Mgeni amechoka, ana jasho, kaletewa dafu. Anajaza kitabu cha wageni, jina, namba ya kitambulisho, atokako, aendako, anatoa fedha, anapewa ufunguo wenye kipande cha mbao kikubwa kama mwiko. Ndipo anakwenda kuona alichonunua. Geuza mpangilio huo. Kunywa dafu, sema ahsante, halafu: "Naomba nione banda kwanza." Hakuna atakayekasirika. Na omba kuona mawili.

Ukifunguliwa mlango, usiingie mara moja. Vuta pumzi. Chumba kilichofungwa siku tatu kando ya bahari kitakuwa na harufu ya makuti na mbao, kama ghala la nazi. Hiyo ni uzee. Harufu ya ukungu inayokwaruza koo, au ya choo, haitaondoka kwa kufungua dirisha.

Kisha tazama juu. Watu huona vitobo vya mwanga kwenye makuti wakadhani ndipo mvua itakapopita. Si lazima. Paa likiwa na mwinuko, maji huteleza kutoka kuti hadi kuti, na vitobo vidogo havina neno. Alama ya kweli iko chini: tafuta madoa ya rangi ya chai ya rangi kwenye chandarua, kwenye shuka, kwenye sakafu karibu na kitanda. Maji yanayopita kwenye makuti makuukuu hutoka na rangi hiyo, na doa lake halifichiki kwa kufua.

Nililijua hili kwa njia mbaya. Nilikuwa mgeni mwenyewe, hoteli moja ya kaskazini, nimelipa bila kutazama. Saa nane usiku nikaamshwa na tone moja kwenye paji la uso. La pili. Nikasogeza kitanda, tone likanifuata, maana lilikuwa linateremka kwenye boriti na kuchagua pa kudondokea. Nililala nimekaa kwenye kiti, ndoo ikilia katikati ya chumba. Asubuhi mwenye hoteli akanitazama bila kupepesa jicho, akasema, "Mvua ya jana ilikuwa ya ubavu." Nilipolitazama shuka mchana, madoa ya zamani yalikuwa mengi kuliko ya usiku ule.

Ukishatazama madoa, tazama miguu ya nguzo na chini ya boriti. Ukiona unga laini kama sembe umejikusanya, kuna vidudu vinatoboa mbao. Kidogo si hatari kwa siku tatu, ila usiweke kitanda wala begi chini yake, utaamka umenyunyizwa.

Kitandani, kaa. Usibonyeze kwa mkono, kaa kabisa, halafu lala ubavu. Godoro lililobonyea katikati ni ugomvi wa wanandoa. Kishushe chandarua chote mpaka chini, kizunguke. Tundu moja lililofungwa fundo ni uzee, tena ni dalili nzuri kwamba kuna mtu anakagua. Matundu sita wazi ni uzembe. Malaria visiwani imeshuka sana, maambukizi yako chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, lakini mbu wapo, na mbu wa homa ya dengi hasubiri usiku.

Washa pangaboi hadi kasi ya mwisho, usubiri nusu dakika. Likiyumba sana juu ya kitanda, omba banda jingine. Likilia tu, utalizoea.

Msalani fungua bomba la mvua na lile la sinki kwa pamoja. Tundu za bomba la mvua mara nyingi zimezibwa na chokaa, maji yanaruka upande wa mlango badala ya kichwani. Hilo linarekebishwa kwa sindano na dakika mbili, waombe. Ila kama hita imefungwa juu ya bomba lenyewe, washa, weka mkono kwenye maji, na ukihisi mtekenyo wa umeme, hata kidogo, zima na toka. Hapo hakuna kuzoea. Ni hatari ya maisha, na fundi aje kabla mtu mwingine hajaoga.

Mlango: funga kwa ndani, fungua kwa nje, mara mbili. Kutu hula komeo kuliko kitu kingine chochote pwani. Mimi hubeba kufuli langu dogo, shilingi chache, likanipa usingizi mzuri.

Sasa banda lipi? Watu hung'ang'ania mstari wa mbele. Wakati wa kusi mstari huo hupigwa na upepo wenye chumvi usiku kucha, mlango unagonga, miwani inakuwa na ukoko. Mstari wa pili, wenye dirisha mbele na nyuma ili upepo upite, ndio wa wenyeji. Epuka lililo karibu na jenereta, na lililo nyuma ya jiko, maana mpishi huanza kukuna nazi alfajiri. Na tazama minazi: kama kiti chako cha kamba kiko chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, kisogeze kabla hujakikalia.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Shusha chandarua kabla ya magharibi, kichomeke chini ya godoro pande zote. Ukisubiri giza, utakuwa umewafungia mbu ndani pamoja nawe.

Sauti zitakuja. Mjusi ukutani atalia kama mtu anayebusu hewa, mwache, anakula mbu. Kitu kizito kikiruka juu ya paa na kulia kama mtoto mchanga aliyekasirika, huyo ni komba. Anatafuta matunda, au tembo la mgema. Hashuki kitandani, lakini ndizi ukiiacha barazani si yako tena. Vyakula vyote, hasa vya sukari, viwe kwenye kopo lenye kifuniko. Sisimizi wa pwani hawahitaji mwaliko.

Umeme ukikatika, usidhani mara moja ni kisiwa kizima. Tazama kwa jirani. Kama kwake kunawaka, nenda mapokezi ukaseme kwa upole, "Nadhani tukuza imeisha." Tukuza ndiyo luku yetu, na meneja huisahau kama unavyoisahau wewe kwako.

Usiwashe mshumaa. Chini ya paa la makuti makavu hiki si cha kujadili, wala dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe ndani, iweke barazani juu ya saruji, mbali na mkeka. Makuti yakishika moto hayatoi muda wa kutafuta viatu. Njoo na tochi, au simu yenye chaji. Mgeni wa kutoka Bujumbura au Lubumbashi aje na adapta pia, soketi zetu ni za pini tatu za mraba.

Hatua ya 6: Kula

Chakula cha usiku agiza asubuhi. Jiko dogo halina friji kubwa lililojaa samaki. Lina mtu anayekwenda pwani ngarawa zinaporudi. Ukisema mapema "jioni nataka changu wa kupaka na wali wa nazi", anakununulia. Ukikaa mezani saa mbili usiku ukadai orodha, utapata kuku aliyeganda na saa moja na nusu ya kusubiri, na hapo usimlaumu mpishi.

Uliza pia wafanyakazi wanakula nini mchana. Pale kwetu chakula bora kilikuwa hakimo kwenye orodha kabisa: pweza wa nazi na ugali wa muhogo, vinaliwa nyuma, kwenye sinia. Mgeni aliyeuliza alikaribishwa.

Asubuhi funika sahani yako. Kunguru wa hapa, weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji. Wakaona mkate wa kumimina una maslahi zaidi.

Hatua ya 7: Pwani ya wenyewe

Maji yakipwa utaona mistari ya vijiti na kamba. Ni mashamba ya mwani, na wenye nayo wengi ni kina mama wa kijijini. Kilimo hicho kimekuwapo pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Usikanyage kamba, pita kando. Ukitaka picha, salimu kwanza. "Shikamoo bi mkubwa, poleni na kazi" hufungua mengi kuliko noti. Na ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni.

Vaa viatu majini, vya plastiki vya yeboyebo vinatosha. Mawe yana ncha, na kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mashimo. Mwiba ukishavunjikia unyayoni, likizo yako imekuwa ya kukaa barazani.

Ukienda hadi mwambani, nenda na mwenyeji, na geuza kabla maji hayajageuka. Bahari hairudi kama zulia linalokunjuliwa. Inaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Mtu anatazama pweza mbele, anageuka, njia aliyokuja nayo ina maji ya kifua.

Nguo za kuogelea ni za pwani mbele ya hoteli. Ukikata kuingia kijijini kununua vocha, jifunge khanga, mwanamume vaa fulana. Ramadhani ikikukuta, kula na kunywa ndani ya hoteli. Na mifuko ya plastiki iache bara, ingawa huko nako imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Sisi tulianza mapema zaidi.

Hatua ya 8: Kulalamika mpaka litengenezwe

Kasoro ya uzembe isemwe siku ile ile, kwa mdomo, kwa mtu anayehusika. Si siku ya kuondoka, wala si mtandaoni ukishafika kwako. Na isemwe na saa. Sikiliza tofauti.

"Mzee wangu, shikamoo. Bomba la msalani linavuja."

"Marahaba. Inshallah tutaliangalia."

Hapo umepata dua. Endelea kidogo:

"Nashukuru mzee. Fundi aje saa ngapi, nimsubiri bandani?"

"Basi saa tisa."

Sasa umepata fundi. Ukifika saa kumi hajaja, rudi na swali lile lile kwa sauti ile ile. Niliona wageni waliofoka wakipewa maneno matamu na bomba likaendelea kuvuja, na mama mmoja wa Tanga aliyerudi mara tatu akitabasamu, mpaka meneja akalifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Ukipata msaada kutoka kwa mfagiaji au mlinzi, mpe bakhshishi yake mkononi. Sanduku la mapokezi nililitunza mimi, na sikumbuki kama liligawanywa kwa haki.

Hatua ya 9: Kuondoka

Saa ya kutoa chumba huwa ni saa nne asubuhi, lakini kama hakuna mgeni anayeingia, ukiomba jana yake utaachiwa hadi saa sita. Hesabu nguo kwenye kamba ya nyuma, upepo huwa umeshapeleka moja uani kwa jirani. Lipia soda zote ukiwa na daftari mbele yako, msome pamoja.

Kama boti yako ni ya asubuhi, lala mjini usiku wa kuamkia safari. Daladala ya kwanza hupita alfajiri ila haina mkataba na nahodha.

Na ufunguo. Ule wa mbao kama mwiko ulitengenezwa hivyo makusudi usiingie mfukoni, na bado watu huondoka nao. Yule mama wa Tanga alikuwa mmoja wao. Aliutuma kwa basi hadi Dar, ukapanda boti, ukapanda 309, kondakta akauleta mapokezi umefungwa kwenye gazeti pamoja na machungwa sita. Banda namba tisa lilikuwa halijafungwa siku kumi na moja, na hakikupotea kitu, hata ile ndala yake moja aliyoisahau chini ya kitanda.